Usukani na Kafi: Kutoka Pwani hadi Maniema

Kafi la mtumbwi hufanya kazi mbili, kusukuma chombo na kukielekeza. Usukani hufanya ya pili tu. Picha ya al-Wasiti, mchoraji wa Iraki, ya mwaka 1237, yaonyesha usukani uliokwisha kufungwa tezini.

Mwaka 1876 Lady Alice, mashua ya Stanley iliyoundwa Uingereza, ilipita nchi ya Kabambare, ilimo Salamabila, vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Katika Lualaba iliongozwa na Uledi, baharia kutoka Unguja. Lakini usukani hupata nguvu kwa maji yanayoupita. Chombo kikichukuliwa na mkondo tu, kafi ndilo hukiokoa. Basi ubora wa usukani haupimwi kwa umbo pekee, bali pia kwa maji unamotumika.