Mfupa Umeunga, Kazi Imebaki



Mtu aliyevunjika mkono huhesabu siku za plasta kama mfungwa ahesabuvyo siku za kifungo. Siku ya kufunguliwa hufurahi, akadhani mambo yamekwisha. Lakini atazamapo huona mkono umekonda, kiwiko hakikunjuki, na vidole havina nguvu ya kushika kikombe. Mfupa umeunga, lakini mkono haujarudi. Jioni ya leo nataka kuwasimulia jinsi waganga walivyojifunza kuitambua kazi hii ya pili, ambayo sehemu yake kubwa hufanyika nyumbani.

Tangu zamani watu wa nchi nyingi walijua kufunga gango na kukanda. Wazee wetu nao walifanya hivyo, kwa vijiti na mafuta. Lakini swali gumu lilikuwa hili: aliyeumia apumzike mpaka lini, na aanze kujongea lini?

Mwaka 1852 Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alieleza namna ya kufunga mvunjiko kwa vitambaa vyenye unga wa plasta, ambavyo vikiloweshwa hukauka vikawa vigumu. Huko Liverpool, Hugh Owen Thomas, mtu wa ukoo wa waunga mifupa, alifundisha kwamba kiungo kilichoumia kipumzishwe kabisa, kwa muda mrefu, bila kukatizwa. Hakukosa sababu, kwani mfupa ukitikiswa kabla ya wakati wake huenda usiunge vizuri. Lakini mjini Paris Just Lucas-Championnière aliutazama upande wa pili. Kutulia kupita kiasi, alisema, hukaza viungo na kudhoofisha misuli. Katika kitabu chake cha mwaka 1895 alifundisha kutibu mvunjiko kwa kukanda na kwa kujongeza kiungo mapema.

Mwaka 1894 wauguzi wanne wa kike wa London waliunda chama cha wakandaji, ili kazi hiyo iwe ya elimu na ya heshima. Vita ya mwaka 1914 hata 1918 ilipoleta majeruhi wengi mno, wakandaji wakahitajiwa kila mahali. Na mwaka 1920 chama chao kikapata hati ya Mfalme. Kazi yao ndiyo iitwayo sasa tiba ya viungo.

Kisha ikaja Vita ya pili. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939, alikabidhiwa wagonjwa wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati ule wengi walidhani kwamba askari aliyepooza miguu hana la kufanya ila kulala akingoja kufa. Guttmann aliwaamuru wauguzi wawageuze wagonjwa kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, wasipate vidonda. Kisha akawapa wagonjwa wenyewe kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948 watu 16, wakiwa katika viti vya magurudumu, walishindana kwa pinde na mishale. Mashindano yale madogo ndiyo asili ya michezo ya Paralimpiki.

Habari hizi zatufundisha nini sisi tulio nyumbani? Zatufundisha kwamba huruma yaweza kulemaza. Ndugu zake humnyang'anya ndoo, humkatia nyama, humfunga vifungo vya shati, na mkono wake hukauka mbele ya macho yao. Afadhali wamwulize daktari ni kiungo kipi kiruhusiwe kujongea na kwa kadiri gani; kisha wamkumbushe kukijongeza pole pole, mara chache chache, asubuhi, mchana na jioni. Haba na haba hujaza kibaba. Wala mtu asikivute kiwiko chake kwa nguvu, maana huweza kukiharibu zaidi. Na vidole vikifa ganzi au kugeuka rangi, ama mguu ukivimba na kuuma, arudi hospitali upesi.

Basi, mgonjwa wetu atakaponyosha mkono achukue kikombe, nacho kikamponyoka, tusikimbilie kumnywesha. Tukiokote, tumpe tena.