Wasifu wa Mtu Asiyezaliwa

Neno wasifu limekwisha kuzoeleka katika lugha yetu kwa maana ya habari za maisha ya mtu zilizoandikwa na mtu mwingine. Shaaban Robert alilitumia katika Wasifu wa Siti Binti Saad, wala hapana aliyeuliza kama Siti aliishi. Sauti yake ilikwisha kusikika katika santuri zilizorekodiwa Bombay tangu 1928. Lakini mfasiri aiiteje kazi inayosimulia, kwa tarehe na nyaraka, maisha ya mtu asiyezaliwa?

Mfano ulio bora umetoka Uingereza. Mwaka 1937 C. S. Forester alianza kutoa riwaya za Horatio Hornblower, afisa wa manowari katika vita dhidi ya Napoleon. (Neno manowari lenyewe twalipata kwa mabaharia wa Kiingereza, kabla ya kamati yoyote ya istilahi kuketi.) Forester alifariki 1966. Mwaka 1970 C. Northcote Parkinson akatoa The Life and Times of Horatio Hornblower. Huyu alikuwa mwanahistoria hasa, profesa huko Singapore tangu 1950 hadi 1958, na mwaka 1934 alikwisha kuandika wasifu wa Edward Pellew, admirali wa kweli. Pellew huyo ndiye aliyefanywa na Forester kuwa mkuu wa Hornblower ujanani. Basi kalamu moja iliandika maisha ya mkubwa aliyeishi na ya mdogo wake asiyeishi.

Ustadi wake waonekana katika kisa cha Kapteni Sawyer. Katika riwaya ya 1952, Sawyer aanguka katika mlango wa sitahani uendao tumboni mwa meli, na Forester hakusema nani alimsukuma. Parkinson "akavumbua" barua iliyoachiwa wazawa, ambamo Hornblower mwenyewe akiri kuwa ndiye. Mwalimu akikikuta kitabu hicho katika rafu ya historia, kwa nini asiamini?

Wako wanaopendelea wasifu wa uongo. Hatukubaliani nao: uongo hukusudia kudhuru, na Parkinson alicheza tu na wasomaji waliompenda Hornblower. Wasifu wa kubuni wakaribia, ila hata Pellew aweza kubuniwa wasifu. Twapendekeza wasifu wa mhusika, maana mhusika hapatikani ila ndani ya hadithi, na msomaji huonywa mara moja. Itasemwa kwamba darasani maneno hayo hutumika kueleza tabia za wahusika. Kwa kazi hiyo walimu wanayo sifa za mhusika, nayo yatosha. Wasifu na ubaki kwa maisha.

Tena istilahi hiyo iwekwe juu ya jalada, wala si katika kiambatisho, kwa kuwa katika kitabu cha Parkinson viambatisho navyo vimebuniwa.