Nipe Mji: Mchezo wa Kale wa Kufungua Darasa

Muhula ukianza, mwalimu hukabili darasa la wasiojuana: huyu katoka Ganze, yule Watamu, na kila mmoja kanyamaza. Mchezo wa kuwafungua midomo Pwani inao tangu zamani: kitendawili. Askofu Edward Steere alivichapa vitendawili vya Unguja katika Swahili Tales, mwaka 1870.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wenziwe huitikia, "Tega!" Kutega ni kuweka mtego, ajuaye jibu huutegua. Je, asiyejua? Huambiwa, "Nipe mji." Akitoa Mambrui au Takaungu, mtegaji huupokea, husimulia alivyokwenda huko akakirimiwa, kisha hutegua mwenyewe: nyumba isiyo na mlango ni yai.

Hapo ndipo penye hekima ya wazee. Mtoto mgeni, hata Kiswahili chake kikisitasita, ana cha kutoa. Kutojua hulipiwa kwa mji, si kwa aibu. Na akitaja kwao, darasa zima lishajua mwenzao atoka wapi. Basi mwalimu, kabla hujaita majina, tega!