Kuona Si Kujua: Rada na Migongano ya Meli

Usiku wa tarehe 25 Julai 1956 meli mbili kubwa za abiria zilikuwa zikikaribiana katika bahari ya Atlantiki, kusini ya kisiwa cha Nantucket, pwani ya Marekani. Moja ilikuwa Andrea Doria ya Italia, yenye tani zipatazo 29,000, iliyotoka Genoa kwenda New York na watu 1,706 ndani yake. Ya pili ilikuwa Stockholm ya Sweden, yenye tani zipatazo 12,000, iliyong'oa nanga New York siku ile ile ikielekea Gothenburg. Manahodha wa meli zote mbili walikuwa watu waliozeeka katika kazi yao. Kila meli ilikuwa na rada nzima, na kila moja iliiona nyingine katika rada hiyo zingali mbali. Walakini, ilipotimia kiasi cha saa tano na dakika kumi za usiku, omo ya Stockholm, iliyotiwa nguvu kwa ajili ya safari za barafu, ilitoboa ubavu wa kulia wa Andrea Doria. Watu 51 walipoteza maisha yao, 46 wa meli ya Italia na 5 wa meli ya Sweden.

Vipofu wawili wakigongana njiani, hapana mtu atakayeuliza sababu. Wenye macho wakigongana, sababu haina budi kutafutwa. Msiba huu ulikuwa wa wenye macho, na swali lililozuka lilikuwa hili: yawezekanaje watu wawili waonane kwa muda wa kutosha, kila mmoja ajitahidi kumwepuka mwenzake, kisha wagongane?

Chombo chenyewe kilikuwa kigeni bado katika biashara ya bahari. Ni kweli kwamba katika mwaka 1904 Mjerumani Christian Hülsmeyer alionyesha mjini Cologne mtambo uliotambua kuwapo kwa chombo mtoni kwa mwangwi wa mawimbi ya umeme, lakini wenye meli hawakuujali. Mwaka 1935 Robert Watson-Watt alifanya jaribio lake karibu na Daventry, Uingereza, akathibitisha kwamba ndege angani yaweza kutambuliwa kwa njia hiyo. Vita Kuu ya Pili ikaikuza rada haraka, na vita vilipokwisha ikaingia katika meli za abiria na za shehena. Mabaharia waliipokea kwa furaha kubwa. Ukungu, adui wa kale ambaye hakupata kushindwa kwa taa wala kwa honi, ulionekana kuwa umeshindwa.

Furaha hiyo ilificha jambo moja. Kioo cha rada kilionyesha nukta ya nuru. Hakikuonyesha nukta hiyo ilikuwa ikienda wapi. Katika rada zilizotumika wakati huo, meli ya mtazamaji ilikaa daima katikati ya kioo kana kwamba haisogei, na vitu vingine vyote vilionekana vikitembea kuizunguka. Boya lililofungwa mahali pamoja lilionekana likija mbio. Meli iliyofuata njia moja na ya mtazamaji, kwa mwendo sawa na wake, ilionekana imesimama tuli. Basi njia ya nukta katika kioo haikuwa njia ya meli katika bahari. Ilikuwa mchanganyiko wa miendo miwili, wa mwenye kutazama na wa mwenye kutazamwa, na jicho peke yake halikuweza kuitenganisha.

Kazi ya kuitenganisha ilitaka kalamu ya risasi, rula na saa. Afisa wa zamu alitia alama mahali pa nukta, akangoja dakika kadha, akatia alama ya pili, akangoja tena, akatia ya tatu. Kisha alipiga mstari katika alama hizo na kuuendeleza mbele. Mstari ukipita katikati ya kioo, meli mbili zilikuwa katika njia ya kugongana. Ukipita kando, umbali wake kutoka katikati ulimwambia meli zingepishana kwa nafasi gani. Akitaka kujua njia ya kweli ya meli nyingine na kasi yake, alichora pembetatu, akautoa humo mwendo wa meli yake mwenyewe. Hesabu hii haikuwa ngumu, bali ilitaka dakika zisizokatizwa, nayo ilipaswa kurudiwa kwa kila nukta. Palipokuwa na nukta nane, afisa mmoja hakuiweza.

Andrea Doria ilikuwa ndani ya ukungu mzito. Kasi yake ilipunguzwa kidogo tu, kutoka maili 23 za bahari kwa saa hadi karibu 22. Nahodha Piero Calamai aliamini, kwa ilivyoonyesha rada yake, kwamba meli inayokuja ingepita upande wake wa kulia. Akaamuru chombo kigeuzwe kushoto kwa digrii 4 ili nafasi iongezeke. Alama za nukta ile hazikuchorwa. Katika Stockholm, iliyokuwa nje ya ukungu bado, zamu ilishikwa na msaidizi wa tatu wa nahodha. Yeye alichora, naye kwa hesabu yake aliiona meli nyingine upande wa kushoto. Akageuza chombo kulia ili nafasi iongezeke. Meli hizo zilikaribiana kwa kiasi cha maili 40 kwa saa, yaani katika kila dakika tatu zilipotea maili mbili. Taa zilipoonekana kwa macho, Andrea Doria iligeuzwa kushoto kwa nguvu zote na Stockholm ikageuzwa kulia. Kila mmoja alijitoa katika hatari aliyoidhani, akajitia katika hatari iliyokuwapo.

Methali yasema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Usiku ule kila chombo kilikuwa na amri moja, lakini bahari iliyowakutanisha ilikuwa na amri mbili, na hapana amri iliyoijua nyingine. Mgeuko wa digrii 4 ni mdogo mno. Mtu aliye katika rada ya mbali hauoni.

Andrea Doria ilielea kwa kiasi cha saa kumi na moja, ikazama asubuhi ya tarehe 26 Julai. Meli ya Kifaransa Ile de France, iliyogeuza safari yake ili kuja kuokoa, iliwachukua watu 753. Calamai alitaka kubaki katika meli yake, na maafisa wake ndio waliomshawishi aiache. Hakupewa tena uongozi wa meli maisha yake yote. Maafisa walitoa ushahidi New York, na maelezo ya pande mbili hayakupatana. Makampuni yakapatana nje ya mahakama, kwa hiyo hapana hakimu aliyetoa hukumu juu ya nani mwenye kosa. Wachunguzi wa baadaye walitoa rai kwamba huenda kipimo cha umbali katika rada ya Stockholm kilisomwa sivyo. Ikiwa ndivyo, hata mchoro uliofanywa ulijengwa juu ya msingi wa kosa.

Msiba huu haukuwa pekee. Migongano ya meli zenye rada ilizidi hata mabaharia wakatunga jina la dhihaka, wakaiita migongano iliyosaidiwa na rada. Kitu kilicholetwa kupunguza hatari kilikuwa kimegeuzwa udhuru wa kwenda mbio gizani. Mkutano wa mataifa uliofanyika London mwaka 1960 uliambatisha katika kanuni za bahari mashauri juu ya matumizi ya rada, yaliyoonya kwamba kukisia kwa habari haba ni hatari. Lililokuwa shauri likawa sheria katika kanuni za mwaka 1972, zilizoanza kutumika mwaka 1977. Kanuni hizo zaagiza kwamba rada itumiwe sawasawa, pamoja na kuchora au uangalizi mwingine wa utaratibu ulio sawa na huo. Kwamba dhana isijengwe juu ya habari haba. Na kwamba mgeuko uwe mkubwa wa kutosha kuonekana na mwenzako, wala usiwe mfululizo wa migeuko midogo.

Sheria yaweza kumwamuru mtu kuchora. Haiwezi kumwongezea mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wahandisi walianza kuunganisha rada na kompyuta, na mwaka 1979 shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, lililoitwa IMCO wakati huo na IMO tangu 1982, lilipitisha vipimo vya mtambo ambao mabaharia huuita ARPA. Tangu Septemba 1984 meli mpya kubwa zilianza kulazimishwa kuwa nao. Mtambo huu hufuata nukta nyingi kwa pamoja, na huchora wenyewe yale yaliyochorwa kwa kalamu. Kwa mujibu wa vipimo hivyo, baada ya dakika moja hutoa mwelekeo wa mwendo wa chombo kingine, na baada ya dakika tatu hueleza njia yake, kasi yake, umbali wa karibu kabisa utakaokuwa baina ya vyombo, na muda uliosalia kabla ya hapo. Afisa aweza pia kuujaribu mgeuko katika kioo kabla ya kuugusa usukani.

Walakini mtambo hujua yaliyopita tu, na kwa hayo hubashiri yajayo. Chombo kingine kikigeuka sasa hivi, bashiri yake ya sasa ni uongo mpaka ipite muda. Chombo kidogo cha mbao, kama ngalawa au jahazi, hurudisha mwangwi dhaifu, na katika mawimbi chaweza kupotea. Nukta mbili zikipitana karibu, mtambo waweza kuhamisha habari za moja ukazipa nyingine. Tena, ukipewa kasi isiyo kweli ya meli yake wenyewe, njia na kasi utakazovitajia vyombo vingine zitakuwa na kosa hilo hilo.

Kwa hiyo kanuni ya mwaka 1972 haikuzeeka kwa kuja kwa mtambo. Piero Calamai alifariki mwaka huo huo wa 1972, miezi michache kabla kanuni hiyo haijapitishwa. Mtambo umemwondolea afisa wa zamu taabu ya kalamu na rula, naye amepata nafasi ya kufanya kazi isiyofanywa na mtambo: kutilia shaka anachokiona, kukipima tena, na kupunguza mwendo mapema wakati angali hajui.