Namba tasa na zisizo tasa: mzazi amsaidieje mtoto?

Mtoto amerudi na daftari, ameambiwa ataje namba tasa zote kati ya 1 na 50. Wewe shule uliiacha zamani. Usimfukuze. Chukua maharage kiganja kimoja, keti naye mkekani, tuanze.

Namba tasa ni nini?

Ni namba yenye vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Kigawo ni namba inayogawanya nyingine bila kubakiza kitu. Namba yenye vigawo zaidi ya viwili si tasa.

Mpe mtoto maharage 12, ayapange mistari iliyo sawa. Atapata mistari 2 ya maharage 6, au mistari 3 ya maharage 4. Kwa hiyo 12 si tasa. Sasa mpe 7. Akipanga mistari 2, harage moja linabaki. Akipanga 3, moja linabaki tena. Yanakubali mstari mmoja tu, basi 7 ni tasa.

Watoto hukosea wapi?

- Huiita 1 tasa. Ina kigawo kimoja tu, kwa hiyo haimo upande wowote.
- Huiacha 2 kwa sababu ni shufwa. Ni tasa, na ndiyo shufwa pekee iliyo tasa.
- Hudhani kila witiri ni tasa. Lakini 9 ni 3 × 3, na 15 ni 3 × 5.

Namna ya kupima bila maharage

Kwa namba kuanzia 11 hadi 100, maswali manne yanatosha:

1. Ni shufwa? Basi inagawanyika kwa 2.
2. Jumlisha tarakimu zake. Je, jumla inagawanyika kwa 3? Basi na namba yenyewe inagawanyika.
3. Inaishia na 0 au 5? Basi inagawanyika kwa 5.
4. Igawe kwa 7. Je, haibakizi kitu?

Jibu likiwa "hapana" mara zote nne, namba hiyo ni tasa. Tujaribu 51: 5 + 1 ni 6, na 6 inagawanyika kwa 3. Kumbe 51 ni 3 × 17, si tasa. Namba 91 hudanganya wengi: inapita maswali matatu, inanaswa na la nne, maana 7 × 13 ni 91. Lakini 97 inapita yote.

Yana faida gani?

Hapa ndipo penye msingi wa KKS, KDS na kurahisisha sehemu. Anayedhani 51 ni tasa ataiacha 34/51 ilivyo. Anayejua kwamba 34 ni 2 × 17 na 51 ni 3 × 17 atapata 2/3.

Sahihisha naye

Namba tasa kati ya 1 na 50 ni 15: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43 na 47. Usimwonyeshe kwanza. Mwache apange maharage yake, akimaliza ndipo mlinganishe.