Noah za Mtinko na Safari ya Valvu

Katika njia ya Mtinko na Singida mjini, Toyota Noah husifiwa kwa nafasi: abiria, kuku, gunia la vitunguu, vyote vinaenea. Injini hukumbukwa siku inapogoma. Hiyo ni dhuluma kidogo, maana gari hili limepitia mageuzi makubwa ya valvu.

Noah ya kwanza, ya mwaka 1996, injini yake iko chini ya viti vya mbele. Fundi hunyanyua kiti ndipo aione. Nyingi zilifungwa 3S-FE ya lita 2. Valvu zake hufunguka kwa kimo kilekile, gari likiwa linaunguruma stendi au linapanda mlima na mzigo. Kupunguza hewa ni kazi ya kilango kwenye njia ya hewa. Dereva akilegeza mguu, kilango hujibana, na pistoni hulazimika kuvuta hewa kwa shida. Nguvu hiyo hupotea bure, nayo imelipiwa kwa petroli.

Honda ilianza kulegeza kifungo hicho cha kimo kimoja mwaka 1989, ilipoweka VTEC kwenye gari lake la Integra: kamu (nundu inayosukuma valvu) ndogo kwa mwendo wa pole, kamu kubwa injini inapozunguka kasi. Injini ya lita 1.6 ikatoa nguvu farasi 160. Mwaka 2001 BMW ikaja na Valvetronic, ambamo kimo cha valvu hupanda na kushuka hatua kwa hatua, bila kuruka.

Toyota ilipoleta Valvematic mwaka 2007, haikuchagua gari la mashindano. Ilichagua Noah na ndugu yake Voxy. Mota ndogo ya umeme hubadili kimo cha valvu za kuingiza hewa, kuanzia takriban milimita 1 hadi 11. Mwendo ukiwa mdogo, valvu hufunguka upenyo tu. Hewa hupita pembeni mwake kwa kasi, huyasambaratisha matone ya petroli na kuyachanganya vizuri, hivyo cheche ya plagi hukuta mchanganyiko unaowaka sawasawa. Kilango nacho huachwa wazi zaidi, pistoni ikapumua. Mzigo ukizidi, valvu hupanda juu kabisa.

Lakini si kila Noah ya toleo hilo inayo. Anayenunua iliyotumika afungue boneti asome kibati: 3ZR-FAE ndiyo yenye Valvematic, 3ZR-FE haina.