Kutoka "boi" hadi "bilulu": ubaguzi kazini katika historia ya Katanga



Katika vikundi vyenu swali moja hurudi mara kwa mara: kwa nini mwenye cheti na bidii huachwa, na kazi hupewa mtu wa kabila la mkubwa, au ndugu yake? Wengine huongeza kwa uchungu kwamba tangu zamani mambo ndivyo yalivyo. Ni kweli kwamba jambo hili ni la zamani. Lakini kila kilicho na mwanzo chaweza kuwa na mwisho, na ndiyo sababu inafaa tuutafute mwanzo huo hapa kwetu Katanga, ambako ubaguzi kazini umetuachia makaburi mara mbili.

Baba asiyetaka mtoto akue

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa Lubumbashi, mji ulioitwa wakati huo Elisabethville. Tangu siku za kwanza kazi iligawanywa kwa rangi ya ngozi. Mzungu alipewa usimamizi, nyumba katika mtaa wa Wazungu, na mshahara uliozidi mara nyingi ule wa Mweusi. Mwafrika aliweza kuwa kapita juu ya Weusi wenzake, ila hakuwa na amri juu ya Mzungu yeyote, hata kama aliifahamu mashine kuliko yeye. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, aliitwa "boi".

Kuanzia miaka ya mwisho ya 1920, kampuni ilitaka wafanyakazi wakae muda mrefu. Iliwaruhusu kuja na wake zao, ikajenga kambi, hospitali na shule, ikagawa posho ya chakula. Watu wakasema kampuni ni baba na ni mama. Tusiudharau usemi huo, maana watoto wengi waliokolewa na hospitali zile na kujua kusoma katika shule zile. Lakini baba huyo hakutaka watoto wake wakue. Aliyezaliwa kambini, akasoma kambini, akazeeka mgodini, alikufa akiwa bado "boi".

Desemba 1941

Mwaka 1940 Ubelgiji ilitekwa na Ujerumani, na shaba ya Katanga ikahitajika sana kwa vita. Kazi ikaongezeka, bei za nguo na vyakula zikapanda. Wafanyakazi Wazungu waliunda chama chao, wakadai, wakasikilizwa. Weusi waliona yote hayo kwa macho yao. Wao hawakuwa na ruhusa ya kuunda chama. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 1946 tu.

Hapa nasi Wakristo tuna la kujiuliza. Mwaka 1941 ilikuwa imetimia miaka 50 tangu Papa Leo XIII aliposema, katika barua yake Rerum Novarum, kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana na kupata mshahara wa kuwatosha. Fundisho hilo lilijulikana Ubelgiji. Katika kambi za Katanga, wengi waliopaswa kulitangaza walisimama karibu na wakubwa wa kampuni kuliko na wachimbaji.

Mwezi wa Desemba wafanyakazi Weusi waligoma. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira, Lubumbashi. Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa pale, na askari wakaufyatulia umati risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Kumbukumbu yao haikupotea: miaka 30 na zaidi baadaye, mchoraji wetu Tshibumba Kanda Matulu aliwachora kama mashahidi wa Union Minière.

Kadi ya ustaarabu

Baada ya vita serikali ya kikoloni ilitafuta njia nyingine. Mwaka 1948 ilianzisha kadi ya sifa ya uraia, na mwaka 1952 utaratibu wa kuwaandikisha Wakongo wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Aliyeomba alichunguzwa hadi nyumbani kwake: anakulaje, analalaje, mkewe anatunzaje nyumba. Hakuna Mbelgiji aliyedaiwa kuthibitisha ustaarabu wake kwa njia hiyo. Jeraha hili lilikuwa la ndani zaidi kuliko la mshahara. Mtu alifundishwa kujitazama kwa macho ya anayemdharau, na kuwaonea haya ndugu zake ambao hawakuwa na kadi.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1960. Katika jeshi la Force Publique hapakuwa na ofisa hata mmoja Mkongo. Siku chache baada ya uhuru, Jenerali Janssens aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Askari wakaasi, na nchi changa ikaingia katika misukosuko kabla haijamaliza wiki mbili.

Jina lingine, jeraha lile lile

Laiti historia ingeishia hapo, tungewalaumu wageni na kwenda kulala. Lakini Union Minière ilikuwa imewachukua watu wengi kutoka Kasai kuja migodini na relini. Wengi wao walipata kazi za ukarani na ufundi, na wenyeji wengi wa Katanga wakajiona wageni katika nchi yao. Malalamiko yao hayakuwa ya uongo yote. Lakini aliyepanga kazi hizo alikuwa kampuni, na hasira ikamwangukia jirani.

Mwaka 1992, wakati nchi iliitwa Zaire na Katanga iliitwa Shaba, wanasiasa waliichochea hasira hiyo. Watu wa Kasai wakapewa jina la "bilulu", yaani wadudu. Kwanza Likasi, kisha Kolwezi mwaka 1993, walifukuzwa kazini na majumbani. Kumbukeni kwamba nyumba ilikuwa ya kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya kampuni. Aliyenyang'anywa kazi alinyang'anywa vyote kwa siku moja. Familia zililala stesheni majuma na miezi zikingoja gari-moshi, na wengi, hasa watoto, walikufa kwa maradhi na njaa. Mafundi waliozaliwa Katanga walipelekwa Kasai ambako hawakuwahi kukanyaga.

Je, waliobaki walipata faida? Gécamines, iliyoirithi Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1993 haikufika tani 50,000. Sababu zilikuwa nyingi: mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, na fedha za kutengeneza mitambo hazikuwapo. Lakini kuwafukuza mafundi wenye ujuzi wa miaka mingi kulikuwa kujikata mkono. Baadaye mishahara ilichelewa kwa wote, bila kuuliza kabila.

Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwana wa aliyeitwa "boi" alimwita mwenzake "kilulu". Ubaguzi hupunguza mshahara, kisha huvunja heshima, na mwisho humfundisha aliyeumizwa kuumiza. Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu huendelea hata baada ya mbaguzi wa kwanza kuondoka. Tena huanza na jina. Kabla ya kufukuzwa mtu, hutangulia neno la kumwondolea utu, na neno hilo husemwa kwa kicheko, ofisini, kiwandani, hata katika ua wa parokia.

Ninyi ndio mtakaokuwa wakubwa wa kazi kesho: walimu wakuu, wauguzi, wasimamizi wa karakana. Siku moja barua mbili za maombi zitakuwa mezani penu, moja ya ndugu yenu na nyingine ya mgeni mwenye ujuzi kumzidi. Mpoyi alikufa akidai kwamba kazi ipimwe kwa kazi.

Maswali ya kikundi

1. Ni majina gani ya dharau tunayowaita watu wa kabila lingine, au wanawake, mahali pa kazi?
2. Wazee wa parokia yetu wanakumbuka nini juu ya miaka 1992 na 1993? Tuwaulize, tuwasikilize pande zote.
3. Katika kikundi chetu wenyewe, nani hapewi wajibu kamwe, na kwa sababu gani?